Mlango wa Waliobaki

Karani aliangalia cheti changu cha KCSE, akakigeuza nyuma kama anayetafuta mahali penye uongo, kisha akanitazama.

"Hii ni B."

"Ndiyo, madam."

"Na unajua hapa ni poli?"

Nikamwambia najua. Nimekuja kusomea stima: kupiga waya nyumba, kufunga soketi, hayo mambo. Akaniuliza kama sikuitwa chuo kikuu. Niliitwa, nikasema, na nilienda, miaka miwili na kitu. Ikakuwaje? Karo. Hakuuliza zaidi. Nadhani hiyo hadithi anaisikia sana siku hizi. Akanisukumia fomu chini ya kioo, akarudi kwa chai yake.

Fomu yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja. Jina, kaunti, nambari ya kitambulisho, kozi. Halafu mstari mmoja ulionishinda: kiwango cha juu zaidi cha elimu ulichohitimu. Sio ulichofika. Ulichohitimu. Mbele ya mstari huo ile miaka yangu miwili ya chuo ilikuwa kama haijawahi kuwepo. Nilikunja fomu, nikaiweka mfukoni, nikapanda matatu kurudi Kayole kwa mathe, ambaye mpaka leo majirani wakimuuliza husema niko kwa likizo ndefu.

Fomu ilikaa juu ya friji wiki tatu. Katika hizo wiki tatu nilisoma. Nilitaka kujua kwa nini neno "poli" linaweza kumtia mtu haya kuliko kukosa kazi kwenyewe. Nilidhani nitapata jibu kuhusu kizazi chetu, simu zetu na kiburi chetu. Badala yake nilijikuta nimerudi miaka ya sitini, kabla hata mathe hajazaliwa.

Chujio

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, shule za msingi zilikuwa na wanafunzi karibu 900,000. Sekondari zilikuwa 151 nchi nzima, na ukijumlisha wanafunzi wote waliokuwa ndani yake hawakuzidi sana 30,000. Chuo kikuu hakikuwa hata chetu peke yetu: kile cha Nairobi kilikuwa tawi la University of East Africa, pamoja na Makerere na Dar es Salaam.

Piga hiyo hesabu polepole. Kati ya watoto wote waliokalia mtihani wa darasa la mwisho, wachache tu ndio wangepata kiti mbele. Wengine waliambiwa masomo yameisha, na wengi wao hawakuwa wamefika hata miaka kumi na sita. Zamani kidogo cheti cha msingi kilikuwa kinatosha kukupa kazi ya utarishi au ukarani mdogo. Sasa shule zilikuwa zinafunguliwa kila kijiji, na kazi ile ile ilianza kudai kidato cha nne. Kila mwaka cheti kilikuwa kinapungua nguvu, kama noti wakati bei zinapanda.

Serikali ilijaribu. Mwaka 1964 ilikaa na waajiri na vyama vya wafanyakazi wakakubaliana: serikali iongeze wafanyakazi kwa asilimia 15, waajiri binafsi kwa asilimia 10, na wafanyakazi nao wasidai nyongeza ya mishahara. Tangazo lilipotoka, zaidi ya watu 200,000 walijiandikisha kutafuta kazi. Waliopata ni sehemu ndogo sana ya hao. Mwaka huo huo NYS ilianzishwa, kambi za kuwakusanya vijana wasio na kazi, kuwapa nidhamu na ufundi, na kuwatumia kujenga barabara. Lakini kambi haziwezi kubeba kizazi kizima.

Ndipo mwaka 1966 baraza la makanisa, NCCK, likishirikiana na chama cha elimu cha makanisa, likachapisha ripoti yenye jina ambalo ni swali tupu: *After School, What?* Baada ya shule, nini? Ningependa kukutana na aliyechagua jina hilo. Ripoti nyingi huja na jina la kutangaza jibu. Hii ilikubali kwamba kuna kundi kubwa la watoto ambao hakuna mtu amewafikiria.

Shule isiyotaka kuwa shule

Pendekezo lao lilikuwa politekniki za vijiji. Na ukisoma mpango wa mwanzo, unashangaa jinsi ulivyokuwa mkali.

Majengo yawe ya bei rahisi, ya mbao au udongo ikibidi. Wasimamizi wawe wakazi wa hapo, sio wizara. Kozi zichaguliwe kulingana na kile ambacho kijiji kinahitaji na kinaweza kulipia: useremala, ujenzi, ushonaji, ufundi wa mabati, kilimo. Kijiji kikishapata maseremala wa kutosha, kozi ifungwe, ifunguliwe nyingine. Wanafunzi wajifunze kwa kufanya kazi halisi kwa wateja halisi. Wakimaliza, wabaki karibu na nyumbani, wafungue karakana, peke yao au kwa vikundi.

Na jambo la mwisho, lile lililoleta shida yote: hakuna mtihani wa kitaifa, hakuna cheti. Waanzilishi waliona mbali. Walijua ukileta cheti, kijana atakibeba na kupanda basi kwenda Nairobi kutafuta kazi ya mshahara isiyokuwepo. Walitaka ujuzi ambao haubebeki kwa bahasha.

Babu yangu, baba ya mathe, alipitia mlango huo. Alifeli mtihani wa CPE mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kufeli ni neno lake. Ukweli ni kwamba alipita lakini hakuitwa popote. Alienda politekniki ya kijiji kule ushago, karakana moja ya mabati na stoo ya vifaa, akajifunza kujenga. Nyumba anayoishi aliijenga mwenyewe, na ya kanisa pia, na vyumba vinne vya shule ya msingi ambayo mathe alisoma. Nilipomuuliza walifundishwa nini, hakunitajia somo hata moja. Alinitajia kazi: tulijenga duka la fulani, tukajenga tangi la maji la fulani.

"Na cheti?" nikamuuliza.

Akacheka. "Cheti ilikuwa hizo kuta."

Wazazi hawakuwa wajinga

Lakini wazazi wengi hawakuzitaka kuta. Walitaka karatasi. Karibu kila anayeandika juu ya politekniki hizo anasimulia jambo hilo hilo: vijana na wazazi walidai mitihani ya serikali, walidai vyeti, na kidogo kidogo wakavipata. Serikali ilianza kusaidia kulipa walimu miaka ya mwanzo ya sabini, vituo vikaongezeka hadi kufikia mamia, na pamoja na pesa za serikali ukaja mtihani wa serikali: trade test, Grade Three, Two, One. Kozi zikaanza kufuata mtihani badala ya kijiji.

Ni rahisi kuwalaumu wazazi. Nilikuwa tayari kuwalaumu. Lakini lazima ujue walichokuwa wameona.

Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilifungua kituo cha ufundi cha Waafrika pale Kabete, Native Industrial Training Depot, kile ambacho leo ni Kabete National Polytechnic. Mwaka huo huo tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilikuwa inazunguka Afrika Mashariki ikishauri Waafrika wapewe elimu ya mikono na ya shamba, inayofaa mazingira yao. Maneno matamu. Lakini mzazi wa Kiafrika aliyaangalia kwa macho makavu. Mtoto wa mzungu alikuwa anasomeshwa Kilatini na hesabu, wake anafundishwa randa na mwiko. Elimu ya mikono haikuwa mbaya yenyewe. Ubaya ni kwamba ilikuwa dari: utafika hapa, hutapita. Ndiyo maana watu walichanga pesa zao kujenga shule huru, na chuo cha walimu Githunguri kikafunguliwa 1939, mpaka wakoloni walipokifunga 1952. Watu walikuwa wanapigania masomo ya vitabu kwa sababu kitabu ndicho kilichofungua ofisi.

Sasa fikiria miaka kumi na minne baadaye mtu anakuja kijijini kwako, na nia nzuri kabisa, anakuambia mtoto wako aliyebaki nje apewe randa na mwiko, bila mtihani, bila cheti, na asitoke kijijini. Na wakati huo huo watoto wa huyo anayekuambia wako sekondari. Ungesikia nini? Mimi ningesikia 1924.

Kuna mwanasosholojia Mwingereza, Ronald Dore, aliyeandika mwaka 1976 kitabu kuhusu ugonjwa wa vyeti, na Kenya ni mojawapo ya nchi alizochunguza. Aliona vizuri jinsi kazi zilivyokuwa zinapandisha masharti kila mwaka bila kazi yenyewe kubadilika. Ila kwa mzazi wa hapa, cheti ndicho kilikuwa dawa pekee dukani. Kama kila mlango unauliza karatasi, mtu atatafuta karatasi.

Kahawa, chai na majina makubwa

Mwanzoni mwa miaka ya sabini wananchi waliamua kujijengea wenyewe, na safari hii hawakujenga vibanda. Huu ulikuwa wakati wa taasisi za teknolojia za Harambee. Karibu kila sehemu ya nchi ilitaka yake: Kimathi kule Nyeri, Murang'a, Kiambu, RIAT kule Kisumu, WECO kule Kakamega, Coast Institute kule Voi. Wakulima walikatwa pesa za mazao, wanasiasa walipanda majukwaani na bahasha, wanafunzi walichangisha barabarani.

Lengo lilitangazwa waziwazi: vijana waliomaliza sekondari na hawana kazi wala chuo. Yaani shida ya 1966 ilikuwa imepanda ngazi. Kwanza waliobaki walikuwa wa darasa la saba; sasa walikuwa wa kidato cha nne.

Wasomi wa wakati huo waliona pia siasa ndani yake: kila jamii ilikuwa inajenga mnara wake, na nguvu ya mchango ilitegemea nani ana kahawa na nani ana mtu serikalini. Ni kweli. Lakini nikiwaza mama wa kijijini aliyekatwa senti zake za chai ili mtoto wa mtu asiyemjua asomee umakanika, siwezi kuiita siasa tupu. Huyo mama aliwekeza kwa mtu aliyebaki nje. Kumbuka hilo, maana tutarudi kwa hizo taasisi.

Mwaka 1972 shirika la kazi duniani, ILO, likaleta ujumbe wake Kenya na kutoa ripoti kubwa kuhusu ajira. Ripoti hiyo ndiyo iliyosambaza duniani neno la "sekta isiyo rasmi". Ujumbe uliangalia mafundi wa barabarani, wale ambao serikali ilikuwa inawafukuza na kuwabomolea, ukasema: hawa wanafanya kazi, na wanafundisha wengine kazi. Sisi tayari tulikuwa na jina letu kwa jambo hilo. Jua kali. Ukienda Kamukunji leo, kijana anayepinda bati kuwa sufuria alifundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu, na hakuna hata mmoja wao aliyejaza fomu.

Karakana zisizo na misumari

Jaribio lililofuata lilikuwa kubwa kuliko yote: 8-4-4, iliyoanza 1985 baada ya mapendekezo ya tume ya Mackay ya 1981. Wazo lilikuwa kila mtoto apate ufundi shuleni, ili asiyeendelea asitoke mikono mitupu. Useremala, sayansi kimu, kilimo, sanaa, vyote vikawa masomo, na vikaingia kwenye mtihani.

Ukiongea na walioisoma miaka hiyo, watakuambia habari za kubeba mbao na unga kwenda shule siku ya mtihani. Wazazi waliambiwa wajenge karakana kwa harambee. Shule nyingi zilipata chumba chenye jina la karakana, bila benchi, bila misumari, na mwalimu wa historia akifundisha useremala kutoka kwenye kitabu. Mtoto alijibu maswali kuhusu randa ambayo hajawahi kuishika. Mtaala ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, masomo hayo yakatolewa kwenye mtihani wa msingi, na yakitolewa kwenye mtihani Kenya, yametolewa.

Mlango unapandishwa juu

Kisha ikaja sehemu ambayo iliniuma kuisoma.

Kuanzia 2007 serikali ilianza kugeuza vyuo vya ufundi kuwa vyuo vikuu. Kenya Polytechnic, iliyokuwa ikifundisha mafundi sanifu wa Nairobi tangu 1961, ikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 ikawa Technical University of Kenya. Mombasa Polytechnic, ambayo mizizi yake ni ile taasisi ya elimu ya Waislamu ya enzi za ukoloni, MIOME, ikapita njia hiyo hiyo na kuwa Technical University of Mombasa. WECO ilikuwa imeshatangulia, na 2007 ikawa Masinde Muliro University. Kimathi ikawa chuo kikuu 2012. Murang'a 2016.

Rudi sasa kwa yule mama wa chai. Taasisi aliyoichangia ili aliyekosa nafasi apate pa kwenda ilikuwa imepandishwa cheo. Kwa haki niseme: vyuo hivyo havikuacha diploma zote, na vingi bado vinafundisha mafundi. RIAT na ile ya Kiambu zilibaki taasisi za ufundi. Watu wa Nyeri na Kakamega wana haki ya kujivunia chuo kikuu nyumbani. Lakini chuo kikuu kinahesabu mafanikio yake kwa digrii, kinaajiri wenye PhD, kinatafuta wenye C+ kwenda juu. Kipaumbele kinahama, hata kama jengo halijahama. Na hakuna aliyejenga kingine cha kiwango hicho mahali pake kwa haraka hiyo hiyo.

Wakati huo kila mtu alikuwa anakimbilia digrii. Masomo ya jioni ya kujilipia yalikuwa yamefungua vyuo vikuu kwa wenye pesa na wenye kazi tangu mwisho wa miaka ya tisini. Kisha mwaka 2016 mtihani wa KCSE ukasimamiwa kwa ukali mpya. Waliopata C+ na zaidi walishuka kutoka 169,492 mwaka uliotangulia hadi 88,929. Ghafla serikali ilikuwa na nafasi za chuo kikuu karibu za kutosha kwa waliofuzu, na mamia ya maelfu ya vijana wasiofuzu wakiuliza swali la 1966.

Jibu likawa, tena, ufundi. Kuanzia 2018 vijana walianza kupelekwa vyuo vya ufundi na shirika lile lile linalopeleka watu vyuo vikuu. Karo ya mwaka ikawekwa Sh56,420, serikali ikilipa Sh30,000, na mkopo wa HELB ukafunguliwa kwa wanafunzi hao. Hili naliheshimu. Kwa mara ya kwanza kijana wa D alikuwa na barua ya kuitwa mahali, yenye jina lake.

Ila kuna jambo moja ambalo halijarekebishwa, na limeandikwa kwenye Katiba yenyewe. Fungua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Vyuo vikuu na taasisi za elimu ya juu viko kwa serikali ya kitaifa. Politekniki za vijiji ziko kwa kaunti, kwenye mstari mmoja na shule za chekechea na vituo vya kulelea watoto. Sidhani aliyeandika alitaka kumtukana mtu. Lakini matokeo yake ni kwamba ngazi imekatwa katikati. Anayemaliza kituo cha kaunti na anayetaka kuendelea kwa national polytechnic anatoka serikali moja kwenda nyingine, na bajeti moja kwenda nyingine, na mara nyingi anaanza upya kujieleza.

Fomu

Nikirudi kwa lile pendekezo la 1966, sioni kwamba lilikosea kuhusu ufundi. Lilikosea kuhusu ngazi. Lilimwambia kijana: hapa kuna ujuzi, kaa nao hapa. Wazazi wakajibu: tupe pia njia ya kutoka. Kila kilichofuata ni serikali kuwapa watu moja na kuwanyima lingine. Chuo chenye ujuzi bila njia ya mbele, au chuo chenye cheo kilichosahau aliyekijenga. Mlango wa waliobaki unahitaji kubaki chini, mahali wanapoweza kuufikia, na nyuma yake kuwe na ngazi inayopanda mpaka juu. Ni vitu viwili, na hatujawahi kuvifanya pamoja kwa muda wa kutosha.

Dalili zipo. Mfumo wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata bila darasa umeanza, na fundi wa jua kali anaweza kupimwa akapewa cheti cha kile anachokijua. Nilimwambia babu. Akaniuliza kama watakuja kupima kuta ama watamtaka aende Nairobi. Miaka michache iliyopita kaunti ilitangaza kazi ya kukarabati vile vyumba vinne vya shule alivyovijenga. Alienda kuomba kibarua. Waliomba trade test. Kazi ilipewa kijana mmoja mwenye Grade Two, na huyo kijana alikuja jioni nyumbani kwa babu kuuliza msingi ulichimbwa futi ngapi. Babu alimwambia. Hakumlipisha.

Asubuhi iliyofuata nilitoa fomu juu ya friji. Mathe alikuwa anafunga mandazi za kupeleka stejini.

"Utaandika nini hapo?" akaniuliza, akionyesha ule mstari kwa kidole chenye unga.

"Kidato cha nne."

Alinyamaza kidogo. "Na ile miaka miwili?"

"Hawana mahali pa kuiweka."

Alipangusa kidole, akaniambia nimwachie pesa za nauli juu ya meza kwa sababu yeye ndiye anayetangulia kutoka, kisha akarudi mlangoni. "Mama yule wa pale chini akiniuliza leo," akasema, "nitamwambia unasomea stima. Yeye mwenyewe soketi zake zinatoa moshi."

Niliandika kidato cha nne. Pembeni, nje ya mstari, kwa herufi ndogo, niliandika pia: chuo kikuu, miaka miwili, sikumaliza. Karani aliisoma, hakuifuta, akapiga muhuri.